Picha bila kamera: Fahamu jinsi dubu anavyoacha umbo lake kwenye karatasi

Ukiitoa ukutani kalenda ya zamani, ile iliyoning'inia sebuleni miaka mitatu bila mtu kuikumbuka, nyuma yake utakuta mstatili ambao rangi yake bado ni nzito kama siku fundi alipomaliza kupaka. Ukuta unaouzunguka umepauka. Hakuna aliyeuchora mstatili huo. Mwanga wa dirishani umefifisha rangi kila mahali, isipokuwa pale ambapo kalenda iliuzuia.

Mstatili huo ni picha ya kalenda. Una ukubwa ule ule wa kalenda yenyewe, na umepatikana bila kamera.

Zana Briski, msanii mzaliwa wa London, anatumia kanuni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mahali pa kalenda anasimama mnyama wa porini aliye hai.

Kwa ufupi, kazi yake huenda hivi. Usiku, gizani, karatasi kubwa ya picha inasimamishwa mahali ambapo wanyama hupita. Msanii anakaa na kusubiri. Mnyama, kwa mfano dubu, anapokatiza kati ya karatasi na taa, mwanga unawaka mara moja tu, kwa kufumba na kufumbua. Karatasi inafungwa, inapelekwa chumba cha giza na kusafishwa kwa dawa. Kinachotokea ni umbo la dubu lenye ukubwa wake halisi. Kazi hizo Briski anaziita Animalograms.

Kwa masikio ya Mswahili jina la msanii huyu lina utani wake. Zana ni vifaa vya kazi, na Zana huyu ameamua kuacha kando kifaa ambacho mpiga picha ndicho anachotambulika nacho.

Lakini kwa nini mtu afanye hivyo wakati huu ambapo hata simu ya mkononi ina lensi mbili au tatu? Ili kupata jibu, inabidi kwanza kuelewa picha hizi hutengenezwaje, kisha kuangalia zinamtaka nini mnyama, na zinamtaka nini binadamu.

Mwanga unavyofanya kazi kwenye karatasi

Picha ya aina hii huitwa fotogramu. Wale waliowahi kupeleka filamu studio enzi za zamani wanaifahamu karatasi inayotumika, hata kama hawakuwahi kuigusa kabla haijasafishwa. Ni karatasi iliyopakwa jelatini yenye chembe ndogo sana za chumvi ya fedha, ile fedha ya madini. Chembe hizo ziko tulivu gizani. Mwanga ukizipiga, hubadilika, ingawa mabadiliko hayo bado hayaonekani kwa macho.

Karatasi ikitumbukizwa kwenye dawa ya kusafishia, chembe zilizopigwa na mwanga hugeuka kuwa fedha halisi. Fedha iliyosagika kiasi hicho haing'ai. Huonekana nyeusi. Dawa ya pili, ile ya kukazia, huondoa chembe ambazo hazikupata mwanga, ili karatasi isiendelee kubadilika itakapotolewa nje. Mwisho karatasi huoshwa kwa maji na kukaushwa.

Kwa hiyo kila kitu kinageuka kinyume. Palipopata mwanga panakuwa peusi. Palipozibwa na mnyama panabaki peupe. Dubu, ambaye kwa macho yetu ni mweusi au wa kahawia, anaonekana kama kivuli cheupe katikati ya usiku mweusi.

Manyoya yake ni habari nyingine. Kiwiliwili kinazuia mwanga kabisa, lakini manyoya ya pembeni ni membamba na yana nafasi katikati yake, hivyo mwanga kidogo hupenya. Ndiyo maana ukingo wa mnyama kwenye fotogramu huwa na rangi za kijivu, na mara nyingine unywele mmoja mmoja huonekana.

Karatasi nyingi za picha nyeusi na nyeupe haziathiriwi na mwanga mwekundu. Hiyo ndiyo sababu vyumba vya giza vya studio vilikuwa na taa nyekundu. Lakini mwanga wa mwezi ni mwanga wa jua ulioakisiwa, na karatasi ikiachwa nje kwenye mbalamwezi kwa muda mrefu huharibika yote. Njia hii kwa hiyo inadai usiku wa giza hasa, mbali na taa za miji na magari.

Kwa nini chui hana madoa

Watoto waliokulia kwenye taa ya kandili au koroboi wanajua mchezo wa kutengeneza sungura ukutani kwa vidole. Wanajua pia, bila kufundishwa na mwalimu, kanuni mbili zinazotawala fotogramu.

Ya kwanza ni hii: mkono ukiwa karibu na ukuta, kivuli chake kina ukingo mkali. Ukiusogeza mbali na ukuta, ukingo unafifia. Kwenye fotogramu ni vivyo hivyo. Sehemu ya mnyama iliyogusa karatasi hutoka wazi kabisa, na sehemu iliyo mbali nayo hutoka kama ukungu. Ukiitazama picha kwa makini unaweza kujua bega lipi lilikuwa karibu na karatasi na mguu upi ulikuwa mbali.

Ya pili: mkono ukisogea karibu na taa, kivuli hukua. Ili umbo lisikuzwe, taa lazima iwe mbali na mnyama awe karibu na karatasi. Chukua mfano wa taa iliyo mita 4 kutoka kwenye karatasi. Mnyama akiwa sentimita 20 tu kutoka kwenye karatasi hiyo, kivuli chake kitakuwa kikubwa kuliko yeye kwa takriban asilimia 5. Hiyo ni tofauti ndogo mno. Akisimama katikati, mita 2 kutoka kwenye taa, kivuli kitakuwa kikubwa mara mbili, na dubu wa kawaida ataonekana kama jitu la hadithi.

Hapa ndipo tunapofikia jambo la msingi. Mpiga picha mwenye lensi ndefu anaweza kumpiga picha simba aliye mbali, na simba asijue. Fotogramu haina njia hiyo ya mkato. Picha yenye ukubwa halisi haipatikani mpaka mnyama mwenyewe afike kwenye karatasi, karibu kiasi cha kuigusa.

Kuna gharama pia. Fotogramu huandika kile kilichozuia mwanga, na haiwezi kuandika rangi iliyo juu ya ngozi. Chui angetoka bila madoa. Punda milia angetoka bila milia, na mtu asiyetazama vizuri masikio na mkia angeweza kusema ni punda wa kijijini. Macho hayaonekani. Sura ya mnyama, ambayo kwenye picha za kawaida ndiyo tunayoitafuta kwanza, hapa haipo isipokuwa amegeuka upande na pua yake ikachorwa kwenye ukingo.

Kinachobaki ni umbo, kimo, unene wa shingo, namna mguu ulivyoinuliwa, na mahali alipokuwa. Majani na nyasi zilizokuwa mbele ya karatasi nazo huonekana, kwa sababu nazo zilizuia mwanga.

Mambo yalianza na mbawa za wadudu

Picha bila kamera ni za zamani kuliko picha za kamera tunazozijua. Mwaka 1802 nchini Uingereza, majaribio ya Thomas Wedgwood yalichapishwa katika taarifa iliyoandikwa na mwanakemia Humphry Davy. Wedgwood alitumia karatasi na ngozi zilizolowanishwa kwa chumvi ya fedha, akaweka juu yake vitu kama majani na mbawa za wadudu, kisha akaacha mwanga ufanye kazi.

Picha zilipatikana, lakini hakujua namna ya kuzikazia. Zilipotolewa kwenye mwanga wa mchana ziliendelea kuwa nyeusi mpaka zikapotea. Ilibidi zifichwe gizani na kutazamwa kwa mwanga hafifu. Kwa hiyo miongoni mwa picha za kwanza kabisa za viumbe hai zilizotengenezwa na mwanga, zimo mbawa za wadudu ambazo leo hakuna anayeweza kuziona.

Miaka iliyofuata William Henry Fox Talbot, pia wa Uingereza, aliweka majani na vitambaa vya kufuma juu ya karatasi zake, na akafanikiwa kuzuia picha zisipotee. Mwaka 1842 mwanasayansi John Herschel alibuni njia nyingine inayotumia chumvi za chuma badala ya fedha. Picha zake hutoka na rangi ya buluu iliyoiva, na husafishwa kwa maji tu.

Mwaka uliofuata, 1843, Anna Atkins alianza kutoa kitabu cha mwani wa Uingereza kwa njia hiyo ya buluu. Aliweka mwani juu ya karatasi, akaiweka juani, akaosha. Kitabu chake huhesabiwa na wengi kuwa cha kwanza duniani kuwa na picha zilizotengenezwa na mwanga. Hakuna kamera iliyotumika.

Angalia kitu kimoja kinachounganisha kazi hizi zote: jani, mbawa, mwani. Vyote vinakubali kulala juu ya karatasi. Havina miguu ya kukimbilia wala sababu ya kuogopa. Mnyama wa porini aliye hai alibaki nje ya sanaa hii kwa muda mrefu, na njia iliyochukuliwa kumfikia ilikuwa nyingine.

Flashi na bunduki

Kwa Kiswahili tunapiga picha na tunapiga risasi. Kitenzi ni kimoja. Katika historia ya picha za wanyama wa Afrika Mashariki, ukaribu huo wa maneno una ukweli wake.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alisafiri katika eneo ambalo sasa ni kaskazini mwa Tanzania akiwa na kamera, vioo vya kupigia picha na baruti ya magnesi ya kuwashia mwanga. Punda au ng'ombe alifungwa kama chambo. Simba alipofika kula, mwanga ulilipuka na kamera ikachukua picha. Kitabu chake cha mwaka 1905 kiliitwa Mit Blitzlicht und Büchse, yaani kwa mwanga wa flashi na kwa bunduki. Jina hilo halikuwa la kutia chumvi. Schillings alipiga picha, na aliua wanyama wengi pia.

Picha zake ziliwashangaza wasomaji wa Ulaya, ambao hawakuwahi kuona simba akiwa usiku porini kwao. Schillings mwenyewe baadaye alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti kutaka wanyama hao walindwe. Hata hivyo, picha hizo zilikuwa na bei, na aliyeilipa ni mnyama: chambo kilichofungwa, na mlipuko wa baruti usiku.

Nchini Marekani, George Shiras alikuwa akifanya majaribio ya namna hiyo. Mwaka 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74 za wanyama, nyingi za usiku. Moja ya mbinu zake ilikuwa kutega kamba, ili mnyama akiikanyaga ajipige picha mwenyewe.

Kamba hiyo ndiyo babu wa kamera za mtego zinazotumiwa leo na watafiti. Serengeti, kuanzia mwaka 2010, watafiti walitega kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Kamera hizo hujiwasha zinapohisi joto na mwendo. Zimeleta mamilioni ya picha, na watu wa kujitolea duniani kote wamesaidia kupitia intaneti kutambua kila mnyama ni nani. Kwa kuhesabu na kuelewa wanyama, hakuna fotogramu itakayoshindana nazo.

Kwa hiyo Briski hafanyi kazi ambayo mashine imeshindwa. Anauliza swali lingine.

Zana Briski ni nani?

Alizaliwa London mwaka 1966 na kusomea upigaji picha New York. Dunia ilimfahamu kwa jambo lisilohusiana na wanyama. Miaka ya 1990 alikwenda India kupiga picha, na Kolkata alifika Sonagachi, mtaa wa madanguro. Alitaka kupiga picha maisha ya wanawake wa pale.

Haikuwa rahisi. Katika mtaa kama huo mtu mwenye kamera ni tishio. Alikaa nao, akapata chumba mle mle ndani. Watoto wa mtaa ndio waliovutiwa na kamera, akaanza kuwafundisha, na kila mmoja akapata kamera ya kupigia picha maisha yake mwenyewe. Filamu iliyotokana na kazi hiyo, Born into Brothels, aliyoitengeneza pamoja na Ross Kauffman, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya maisha halisi mwaka 2005.

Baada ya hapo, badala ya filamu nyingine kubwa, aligeukia mdudu. Vunjajungu, mdudu mwenye shingo ndefu anayekunja mikono kama anayesali, ndiye aliyemvuta. Kwetu mdudu huyu alipewa jina kwa imani ya wazee kwamba ukimgusa utavunja chombo utakachokishika baadaye. Imani hiyo ilimpa mdudu ulinzi: watoto walimtazama kwa mbali na hawakumchezea. Briski naye alijenga mradi mzima wa picha juu ya kumheshimu vunjajungu na wadudu wengine, akiwapiga picha wakiwa hai, wanamtazama.

Ukizipanga hatua hizo tatu, Kolkata, vunjajungu na dubu, unaona mwendo mmoja. Katika kila hatua kamera inapungua nguvu. Kwanza aliigawa kwa waliokuwa wakipigwa picha. Kisha akaielekeza kwa kiumbe ambacho watu wengi hawakitilii maanani. Mwishoni akaiacha nyumbani.

Kusubiri ndiyo kazi

Dubu hapatikani porini Afrika Mashariki, hivyo ni vizuri kueleza anayesubiriwa ni nani. Dubu mweusi wa Amerika Kaskazini anaweza kuzidi kilo 200. Ana uwezo mkubwa wa kunusa. Kabla mtu hajamwona dubu, dubu ameshajua kwamba mtu yupo.

Hii ina maana kwamba mtu aliyekaa gizani na karatasi yake hajifichi kwa kweli. Dubu anajua. Akija, amekuja akijua. Akiamua kupita njia nyingine, usiku umekwisha na karatasi ni nyeupe. Hakuna kumkimbiza, kwa sababu picha inapatikana mahali pamoja tu, pale karatasi iliposimama.

Mpiga picha wa kawaida akikosa, anajaribu tena sekunde ileile. Kamera ya kisasa huchukua picha nyingi kwa sekunde moja, na baadaye mtu huchagua iliyo nzuri. Kwa fotogramu, mwanga ukishawaka, karatasi imekwisha kazi yake. Ikiwa ulichofanikiwa kunasa ni nusu ya mgongo, hiyo ndiyo picha. Hakuna negativu ya kutengenezea nakala nyingine, na karatasi hiyo ni moja duniani.

Wapo wanaouliza, na ni haki yao: je, mwanga huo haumshtui mnyama? Flashi ni flashi. Mnyama wa usiku ana macho yaliyozoea giza, na mwanga wa ghafla unaweza kumsumbua. Njia isiyo na kamera haiondoi swali hilo. Inachofanya ni kupunguza mara za kuuliza: mwanga mmoja kwa picha moja, badala ya milipuko mfululizo. Swali la chambo nalo linabaki kwa kila anayefanya kazi na wanyama wa porini. Mnyama anayezoea kulishwa na binadamu huanza kufuata makazi ya watu, na mara nyingi yeye ndiye anayeumia mwishoni.

Si yeye peke yake

Wasanii wengine wamewahi kuwaleta viumbe hai kwenye karatasi bila kamera. Adam Fuss, mzaliwa wa London anayefanya kazi New York, ametengeneza fotogramu za nyoka wanaoogelea. Nyoka anapita kwenye maji yaliyo juu ya karatasi, na viwimbi anavyoviacha huchorwa pamoja naye, hivyo unaona mwili na mwendo kwa wakati mmoja.

Susan Derges wa Uingereza alizamisha karatasi usiku kwenye mto Taw, eneo la Devon, akawasha mwanga juu ya maji. Mto wenyewe, na matawi yaliyo juu yake, yakaacha vivuli. Miaka ya 1990 alifuatilia pia mayai ya chura ndani ya chombo cha maji, kutoka viluwiluwi hadi vyura. Kazi za wasanii hawa wawili zilikuwa miongoni mwa zilizooneshwa katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, kwenye maonesho ya picha bila kamera yaliyofunguliwa mwaka 2010.

Tofauti ya Briski ni kwamba wanyama wake hawaletwi kwenye karatasi. Karatasi ndiyo inayopelekwa kwao.

Je, picha hii ni ushahidi?

Leo programu ya akili mnemba inaweza kutoa picha ya dubu anayepita msituni kwa sekunde chache, na dubu huyo hajawahi kuwepo. Picha za simba wakitembea mitaani husambaa kwenye simu zetu, na tunabaki kuulizana kama ni za kweli.

Fotogramu inaonekana kama jibu la tatizo hilo, kwa kuwa karatasi na mnyama walikuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Iko karibu na unyayo kuliko ilivyo karibu na mchoro. Wafuatiliaji wa wanyama porini husoma unyayo na kueleza mnyama gani amepita, alikuwa akienda wapi, na kama alikuwa akichechemea. Kule Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, nyayo zilizoachwa kwenye majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita bado zinatueleza kwamba viumbe wa jamii ya binadamu walitembea kwa miguu miwili, wakiwa wamezungukwa na nyayo za wanyama. Ukubwa wa unyayo ni ukubwa wa mguu. Hakuna aliyeukuza.

Lakini tusiende mbali mno. Kivuli kinaweza kudanganya. Mtu mwenye hila anaweza kukata umbo la dubu kwenye kadibodi, akaliweka mbele ya karatasi na kuwasha taa. Fotogramu, kama picha nyingine yoyote, inamtegemea mtu aliyeitengeneza aseme kweli. Kile isichoweza kufanya ni kupatikana bila kitu kusimama pale. Programu inaweza kutengeneza sura ya picha hiyo kwenye skrini, lakini karatasi yenyewe, yenye urefu wa dubu, haiwezi kubadilika bila mwanga na bila kizuizi.

Na mtazamaji anayesimama mbele yake hupata kitu ambacho skrini haimpi. Anajipima. Bega la dubu liko wapi ukilinganisha na bega langu? Kichwa hiki kingekuwa wapi kama ningekuwa nimesimama pale?

Unaweza kujaribu

Huhitaji dubu, na tafadhali usiende porini usiku kumtafuta mnyama yeyote. Baadhi ya studio za zamani mjini bado zina maboksi ya karatasi za picha nyeusi na nyeupe zilizopitwa na muda, ambazo hazina tena kazi. Karatasi moja inatosha.

Ikiwa ndani kwenye mwanga hafifu, weka juu yake jani la mpapai au la mhogo. Funika kwa kioo ili jani lisiinuke. Itoe juani saa sita mchana kwa muda wa nusu saa. Bila dawa yoyote utaona karatasi ikibadilika rangi, na ukiondoa jani utakuta umbo lake na mishipa yake. Iweke ndani ya kitabu, kwa sababu bila dawa ya kukazia itaendelea kubadilika kila unapoitazama. Ndicho kilichompata Wedgwood.

Kisha weka karatasi nyingine mahali mjusi anapopenda kuota jua, na usubiri. Jani lilikubali kukaa nusu saa. Mjusi atakupa sekunde mbili, akikuona ataondoka, na karatasi yako itakuwa imeungua yote bila alama yake. Hapo utaelewa kwa nini kazi ya Briski inahitaji giza na mwanga wa mara moja, na kwa nini picha moja inaweza kumgharimu mtu usiku mwingi wa kukaa bila kupata kitu.